Senti ya Merikani Uliyoiita ya Sandukuni

Mzee wangu Salum,

Shikamoo. Nimeandika neno hilo halafu nikakaa nikilitazama, kwa sababu sijui nani ataliitikia. Kwetu Walutheri marehemu haombewi wala hasemeshwi. Tukishamzika tunamwachia Mungu, basi. Wenzako wamekusomea hitma, wamekula pilau, wamemaliza. Mimi ndiye sijamaliza. Nilimwuliza mchungaji kama ni dhambi kumwandikia mtu aliyekufa, akasema inategemea unamwandikia nini. Sikumwambia. Maana nakuandikia kwa hasira, Mzee, na hasira yenyewe sina pengine pa kuipeleka.

Nianze na habari za kawaida, ungeniuliza hizo kwanza. Nyanya mwaka huu zimeshuka bei mpaka watu wa Ilula wanaziachia ng'ombe. Mabasi yanasimama, abiria wanachungulia dirishani, wanauliza bei ya ndoo, wanacheka, wanaondoka. Tumaini wangu amejifungua mtoto wa kike, mzima, ana sauti kama ya king'ora. Duka lako pale karibu na soko limepangishwa. Mussa, mwanao mkubwa, amempa kijana anayetoa na kuweka pesa za simu. Ukutani ulipotundika saa zako kuna karatasi ya makato. Saa za watu ambazo hazikuwahi kuchukuliwa zilizolewa kwenye mfuko wa nailoni, na nilipouliza zinakwenda wapi nikaambiwa nisimamie nyanya zangu.

Hilo neno la nyanya, utaona, nimelisikia sana tangu uondoke.

Unakumbuka siku ya kwanza? Nilikuwa nimeokota heleri ya Mjerumani shambani, jembe limeitoa kwenye tuta, nyeusi, ina udongo. Watu wa kwetu wote tunajua kwamba pesa ya Mjerumani ni utajiri. Kuna waliochimba mpaka chini ya msingi wa nyumba zao. Basi nikaisugua kwa mchanga, kwa majivu, kwa limau, mpaka ikawaka kama sufuria ya bi harusi. Nikaja nayo Iringa nimeifunga kwenye ncha ya kanga. Nikaambiwa kuna fundi saa, Mswahili wa pwani, anajua shaba. Ukanisalimu kwa lugha yetu, "Kamwene," kwa lafudhi yako ya Kilwa mpaka nikacheka. Halafu nikafungua kanga, na wewe ukaacha kucheka. Ukaweka kile kioo chako cha jichoni, ukaigeuza mara moja, ukanitazama kama mtu aliyeletewa kuku aliyenyonyolewa akiwa hai. Ukasema, "Mama, ulipoiokota ilikuwa ya sokoni. Umeisugua, sasa ni tambara."

Nilikasirika. Nilijua unataka kuinunua kwa bei ya bure. Nikakwambia hivyo hivyo, mbele ya wateja. Wewe ukanirudishia heleri yangu, ukanivutia kigoda, ukasema nikae unionyeshe. Nilikaa. Na nadhani sikuinuka tena, Mzee, maana kila siku ya gulio, nikishauza, nilikuwa napitia kwako, nakaa kwenye kigoda kile, na wewe unanionyesha.

Ulikuwa unasema Wazungu wana majina yao ya kupimia sarafu, wana namba zao, lakini mwanamke yeyote wa hapa akishika kanga anajua imevaliwa kiasi gani, hahitaji namba. Kwa hiyo tukapima kwa kanga. Ya sandukuni, ile ambayo haijawahi kufungwa kiunoni, bado ina ukali wa dukani. Ya harusini, imetoka mara chache, imetunzwa. Ya sokoni, imelika lakini maandishi yote yanasomeka. Ya jikoni, ua halionekani, unakisia tu. Halafu tambara. Waliokuja dukani walitusikia tukibishana, hii ya sokoni, hapana hii ya harusini imepata moto, wakadhani tunauza nguo.

Senti zako chache za Merikani ndizo ulizozipenda. Ulizitoa kwenye kopo la dawa ya viatu, umezitia pamba. Kubwa kuliko mia tano yetu ya sasa, nzito mkononi, shaba tupu, zimekuwa na rangi ya buni iliyokaangwa. Upande mmoja kichwa cha mwanamke, upande mwingine shada la majani. Ulinieleza zilivyofika, kwamba babu zako walipokuwa wanapokea majora ya kitambaa cha merikani pale pwani, mabaharia wa meli zile waliacha na senti zao, watoto wakazichezea, watu wazima wakazitia kwenye mizani badala ya mawe. Nikakuuliza, sasa hizi nazo zina thamani gani, na huku hakuna duka linalozipokea? Ukasema ndiyo maana zina thamani, hakuna duka linalozipokea.

Ulinifundisha kuzisoma. Kwanza nywele za yule bibi, juu ya sikio, kwa sababu ndipo palipoinuka, na shaba huanza kulika palipoinuka. Bonde hubaki kali hata kilima kikiisha. Nisome ukali wake kwanza, nimpe daraja lake kama vile hakuna lililompata. Halafu ndipo nianze kumpunguzia. Amekwaruzwa, punguza. Ana kutu ya kijani pembeni, punguza. Ameangushwa akabonyea ukingoni, punguza. Amesafishwa na mtu kama mimi, punguza sana. Nyekundu inayong'aa isinidanganye, shaba ya miaka mingi haiwi nyekundu ila imechunwa ngozi. "Msome alivyokuwa," ulisema, "kisha mtoe yaliyompata, usichanganye hesabu hizo mbili." Nikatumia maneno hayo kwa watu pia, Mungu anajua. Kwa mume wangu marehemu nimeyatumia sana.

Na lingine. Siku ile dada yangu alipoleta pesa yake ya Kiingereza yenye tundu, na mimi nikaipandisha kwa sababu ni dada yangu. Ulisubiri aondoke. Hukupandisha sauti. Ukasema, "Mama Tumaini, usimpandishe mtu daraja kwa sababu unampenda. Mwenye kumpenda ndiye atakayeumia siku ya kuuza." Nililia njia nzima mpaka Ilula. Sasa nikikumbuka neno lile natamani kukutupia kitu.

Maana kulikuwa na ile moja. Wewe unaijua, lakini nitaandika, kwa sababu nataka uone ninavyoiona mimi.

Bi Rehema, mkeo, alikuja na senti yake kutoka kwao Mikindani siku aliyoolewa. Alipewa na baba yake. Zako ulikuwa umeziuza moja moja, Mussa na wadogo zake wakasoma, ikabaki hiyo ya mkeo. Hukuitia kwenye kopo pamoja na nyingine. Ilikaa kwenye kitambaa chake, kwenye kijaluba, kwenye kabati la chumbani. Ilikuwa inatoka sikukuu. Wageni wakija Idi unaiomba kwa adabu, "Bi Rehema, tuonyeshe mali yako," naye anaileta, na wewe unaishika kwenye kitambaa unawazungushia watu. "Hii ni ya sandukuni," unawaambia. "Hii inaishinda nyumba hii na kiwanja chake." Na Bi Rehema anatazama chini, anatabasamu. Mwanamke aliyeolewa wa pili, hakujaliwa mtoto, watoto wa mwenzake aliyefariki wanamwita "huyu mama" wakiwa nje na "mama" wakiwa mbele yako. Lakini senti ile ikiwa mezani hakuna aliyemwita huyu mama. Mussa mwenyewe nilimwona akimwinulia kiti.

Nilikuomba niishike. Ulikataa kwa mzaha, ukasema mikono yangu ina maji ya nyanya. Nilicheka. Nilikuomba tena mwaka mwingine, ukasema Bi Rehema hapendi. Mizani yako ndogo ya sonara ulimwekea kila mtu, hata watoto walioleta vifuniko vya soda kwa utani uliwapimia. Senti ile sikuwahi kuiona juu ya mizani. Hata mara moja. Na mimi sikujiuliza. Ningejiuliza vipi? Nilikuwa nakuamini kama ninavyoamini kwamba kesho jua litatoka upande wa Kilolo.

Ukafa. Sukari ilikupanda asubuhi, jioni wakakuzika, kwa taratibu zenu za haraka ambazo sisi tunaziona kama kumfukuza mtu. Nilifika umeshatolewa. Nikakaa na akina mama kwenye mkeka, nikashika mkono wa Bi Rehema. Yeye ndiye aliyenifariji. Alisema, "Alikuwa anakuita jicho lake la pili." Nikaondoka na neno hilo kama mtu aliyepewa urithi.

Kumbe urithi wenyewe ulikuwa unanisubiri.

Wiki za eda hazikufika mbali, Mussa akaja kutoka Uyole na wadogo zake, wakamwita shehe wa msikiti wenu aje kusimamia mirathi. Nyumba, kiwanja, vitu vya duka. Halafu wakasema na ile shaba. Bi Rehema, kutoka nyuma ya pazia, akasema ile ni yake, alipewa na baba yake. Mussa akasema baba alikuwa anaionyesha yeye, anaisifia yeye, na mwenyewe alisema inaishinda nyumba, basi mali ya kushinda nyumba haiwezi kuwa ya mtu aliyekuja na sanduku la bati. Shehe, mtu mtaratibu, akauliza kama kuna shahidi wa zawadi ile. Waliokuwapo Mikindani wote wako kaburini. Akasema basi angalau tujue tunabishania nini, ithaminiwe kwanza. Mussa ndiye aliyesema niitwe. Nikuambie kwa haki, alinitaja kwa heshima, alisema mzee alimwamini huyu mama kuliko sisi wanawe.

Nikaja na basi la asubuhi, nimevaa kitenge changu cha kanisani. Sebule yako imejaa wanaume, pazia la chumba limeshushwa, nyuma yake Bi Rehema na shoga zake. Waliniwekea mizani yako mezani. Kioo chako cha jichoni kilikuwa pembeni, kimefutwa. Nilidhani nitalia. Nikakiweka jichoni, bado kilikuwa na harufu ya ule mswaki wako wa mti.

Nikafungua kitambaa.

Mzee, sikuhitaji mizani. Nataka ujue hilo. Ulinifundisha vizuri mno. Nilimtazama yule bibi nywele zake juu ya sikio, zimefifia. Sawa, nikasema moyoni, imelika kidogo, ni ya harusini basi, Mzee aliipandisha hatua moja kwa heshima ya mkewe. Nikatazama bondeni, shingoni pale ambapo kidole cha mtu hakifiki. Napo pamefifia. Kilima na bonde sawasawa, kama uso wa mtu uliochorwa kwenye vumbi. Shaba hailiki hivyo. Nikaigeuza. Kwenye uwanda kati ya majani kulikuwa na vitundu vidogo vidogo, kama vya chapati ya maji. Nikaisimamisha kwa ukingo, nikauzungusha pole pole, na alama ya mshono, pale vipande viwili vya kalibu vilipokutana, ilikuwepo, imepigwa tupa, lakini ipo. Ilimiminwa. Mtu fulani, sijui bandari gani, alichukua senti ya kweli akaipigia chapa kwenye udongo, akamimina nyingine, akampelekea baba yake Bi Rehema. Nikaiweka kwenye mizani ili tu mikono yangu ipate kazi. Ilikuwa nyepesi.

Niliiacha pale juu ya mizani.

Kitu cha kwanza nilichokielewa hakikuwa kuhusu senti. Nilielewa kwamba ulijua. Mtu aliyeona tambara kwenye heleri yangu kwa kuigeuza mara moja, aliishi na kitu hiki miaka yote hiyo kabatini mwake. Ulijua tangu siku ya harusi. Na yule bibi wa shaba hukumpandisha hatua moja tu, Mzee. Ulimtoa kwenye jalala ukamweka sandukuni.

Nikamwambia shehe nahitaji kuongea na mwenye nyumba faragha kwanza. Nilimaanisha Bi Rehema. Mussa akasimama. Alisema hakuna faragha kwenye mirathi, kila mrithi asikie neno moja kwa wakati mmoja. Shehe akanitazama kwa huruma, akasema, "Mama, umeitwa shahidi. Sema ulichokiona tu." Nimekariri amri ya nane, ya kutoshuhudia uongo, tangu kipaimara. Mume wangu aliwahi kupoteza shamba kwa sababu ya shahidi aliyesema nusu. Nifanye nini? Ningesema ya sandukuni, wangemnyang'anya wakaipeleka kuuzwa, na mnunuzi angeiona, na ningekuwa mwongo mbele ya shehe wenu, Mkristo aliyekuja kudanganya kwenye mirathi ya Waislamu. Ningesema sijui, wangecheka. Nikasema. Sauti yangu ilitoka ndogo. Nikasema hii si senti ya Merikani, ni ya kumiminwa, haina daraja.



Mussa ndiye aliyeanza. Akaniuliza nimeahidiwa nini, na nani. Akasema nataka waiuze kwa bei ya nyanya halafu nirudi kuinunua. Mdogo wake, yule wa kati, akasema wachawi wa Ilula ndivyo walivyo, wanaanza na kigoda wanamalizia na nyumba. Halafu Mussa akaagiza mchele. Ndiyo, Mzee, sebuleni kwako. Sinia la mchele wa Usangu, wakautandaza, akaishusha senti juu yake kwa uzi kama wafanyavyo wale matapeli wa rupia, kwamba shaba ya kweli inavuta punje. Wewe ulikuwa unawafukuza watu wa mchele dukani kwa ufagio. Na punje zikanasa. Watu wakasema "Eeh." Sikuwa na moyo wa kueleza kwamba Mussa alikuwa ameipaka mafuta ya nazi asubuhi ile, niliyanusa nilipoishika, ili ing'ae mbele ya mthamini. Nililiona ni jambo dogo, na nilikuwa nimechoka. Shehe ndiye aliyeichukua, akaifuta kwa kanzu yake, akaishusha tena, isinase hata punje. Akasema tu, "Tuendelee na kiwanja."

Mussa hakukubali. Alinilazimisha niende nao Uyole, kwa mnunuzi wake, nikaseme maneno yale mbele yake, ili nikiumbuka niumbuke vizuri. Nilikwenda. Ningekataa wangesema nimekimbia. Tumekaa kwenye gari lake njia nzima, Mafinga, Makambako, Igawa, mpaka baridi ya Uyole ikatupokea. Mnunuzi alikuwa na chumba nyuma ya gereji ya malori, ana mizani ya umeme. Hakuitazama hata uso. Aliiweka, akasoma, akaitoa, akaipiga tupa kidogo ukingoni kabla sijasema acha, akaonyesha rangi ya ndani, akamrudishia Mussa. Halafu akaniuliza mimi kama kweli niliijua kwa macho. Nikasema ndiyo. Akanitaka nikae naye pale Uyole, niwe namtazamia. Mussa alinitazama, na nikaona anachofikiri, kwamba kumbe yote ilikuwa ni kutafuta kibarua. Ungeniona nilivyokasirika, Mzee. Nikamjibu mnunuzi kwamba aliyenifundisha amekufa na mimi sijafunguliwa. Sijui nilimaanisha nini.

Tuliporudi Iringa, Mussa aliingia ndani na viatu, akaitupa senti ile kwenye mkeka mbele ya pazia. Akasema, "Haya huyu mama, mali yako hiyo, hatukudai kitu." Ikaviringika, ikagonga ukuta. Mkono ukatoka chini ya pazia ukaichukua.

Ndipo Bi Rehema akaniita. Eda yake inaruhusu wanawake. Nikaingia chumbani, amevaa nyeupe, amekonda. Senti iko mkononi, anapapasa pale tupa ilipopita. Nilipiga magoti. Nilitaka kumweleza habari za kilima na bonde, hebu fikiri, nilitaka kumfundisha. Hakunipa nafasi. Alisema kwa utaratibu, kama mtu anayesoma hesabu ya duka, "Mama Tumaini, mume wangu alikufundisha kutazama shaba. Hakukufundisha kunyamaza?" Nikasema niliitwa shahidi, Bi Rehema. Akasema, "Baba yangu umemfanya mwongo, na mume wangu umemfanya mwongo, mchana mmoja." Halafu akageukia ukuta.

Huo ndio urithi wangu.

Sasa nikuulize, na ukijibu sitasikia, lakini nitauliza. Nani aliyemfanya mwongo baba yake? Ni mimi? Wewe ulikuwa na miaka yote ya ndoa kumwambia kwa upole, usiku mmoja, mkiwa wawili, kwamba mali yake ni mkono wa baba yake uliompa, shaba yenyewe haina kitu. Angelia, ungemfuta machozi, mngeirudisha kijalubani. Badala yake ukaitumia kumnunulia heshima kwa wanao. Naelewa. Naapa naelewa, nilimwona anavyotabasamu Idi. Lakini heshima ile uliinunua kwa mkopo, na aliyekuja kudaiwa ni mimi, mbele ya watu, na kile kioo chako jichoni. Na wanao nao, uliwaambia inaishinda nyumba. Ulitegemea nini, kwamba utakufa na wao wataacha kitu kinachoishinda nyumba kwa mjane asiye na mtoto? Wewe uliyeijua shaba hivyo, watu hukuwajua hata kidogo.

Au ulijua. Kuna siku nawaza hivyo, nikiwa nimekaa barabarani na ndoo zangu. Kwamba ulipanga. Kwamba hukuniruhusu kuishika ili siku hiyo niishike mara ya kwanza, nishtuke, niseme kweli kwa uso wa mtu asiyeweza kudanganya, na wao waiache. Kwa maana ni kweli wameiacha. Nyumba wanaiuza, yeye atabakia na thumuni yake, fungu la nane la mjane, na chumba cha kupanga Kihesa, lakini senti ya baba yake anayo, na hakuna atakayeitamani tena. Kama ningewaambia ni ya sandukuni, leo angekuwa hana. Kama ulipanga, Mzee, basi ulinitumia kama mtu anavyotumia kisu cha jirani. Na kisu hakiulizwi. Nakusamehe hili au lile, sijui lipi, kwa sababu hujaniachia njia ya kujua nikusamehe lipi. Nimeliombea kanisani, nimekuwa nikinyamaza wakati wa ungamo nikitafuta jina la dhambi yenyewe, yako au yangu, sijalipata.

Nimejaribu kukupima kwa utaratibu wako mwenyewe. Nikakusoma ulivyokuwa, fundi mpole, mkweli kwa maskini, uliyemvutia kigoda mwanamke aliyekutukana. Nikaanza kutoa yaliyokupata. Nikifika kwenye senti ile mkono unasita. Sijui niiweke upande wa kutoa au upande wa kujumlisha.

Watu bado wananiletea sarafu. Wananikuta pale pale kwenye nyanya, wananiuliza mama, hii ni ya Mjerumani? Natazama. Nasema kweli, wanakasirika, wanaondoka. Lakini mtu akiniletea kitu alichopewa na mzazi wake, sasa hivi nina desturi mpya. Kabla sijakigusa namwuliza kama anataka kuuza au anataka tu kuonyesha. Akisema kuonyesha, nakishika kwa kitambaa, nakirudisha, namwambia akitunze. Hilo silo ulilonifundisha. Nimelijifunza chumbani kwa mkeo, na limenigharimu rafiki.

Kila siku ya gulio nampelekea mboga. Nyanya nzuri nilizochagua, hoho, kisamvu kilichotwangwa. Mara ya kwanza mlango haukufunguliwa, nikaacha kikapu kizingitini. Mara iliyofuata nilikikuta kikapu nje, kitupu, kimeoshwa. Hakuna neno. Nikaacha kingine. Hivyo hivyo tumekuwa. Wiki iliyopita nilibisha nikasema, Bi Rehema, ni mimi, na kutoka ndani nikasikia, "Weka hapo." Maneno mawili, makavu. Nimeyabeba mpaka Ilula.

Nakuaga, Mzee Salum. Hasira yangu ipo, sitaifuta ili barua ipendeze. Pumzika kwa Mungu wako, ambaye nadhani ni yule yule wangu, na mkikutana mweleze mwenyewe habari ya senti, asije akaniita mimi kutoa ushahidi tena. Mkeo nakuahidi sitamwacha. Akihamia Kihesa nitauliza watu mpaka nimpate, nami nitabisha, na akisema weka hapo nitaweka, mpaka siku atakayotaka kujua kama bado nimesimama mlangoni.

Wako,
Mama Tumaini wa Ilula